Ruta iliyozimika katikati ya sasisho: anzia kwenye matundu manne

Swali: "Shikamoo kaka. Nipo Morogoro, nimemaliza kidato cha sita na nasubiri kwenda chuo. Mjomba alinipa ruta iliyokuwa ofisini kwake. Nilipokuwa naisasisha umeme ukakatika. Tangu siku hiyo taa ya umeme inawaka lakini nyingine zote kimya, WiFi haionekani kwenye simu, ukurasa wa mipangilio haufunguki. Fundi wa hapa mtaani amesema niitupe. Nimeifungua. Kuna chipu kubwa imeandikwa MT7628AN, ndogo ya miguu minane imeandikwa 25Q64, na pembeni kuna matundu manne yaliyopangwa mstari, hayana kitu. Nimesikia OpenWrt, mfumo huria unaowekwa kwenye ruta, inaweza kuifufua. Nianzie wapi? Na mtu ambaye hajasomea kompyuta anaweza kuchangia nini kwenye programu huria? Mama ana wasiwasi, anasema udukuzi ni jela."

Marahaba, mdogo wangu. Usiitupe. Kwa dalili ulizozitaja, ruta hiyo haijafa, na wewe umeshafanya la maana kuliko yote kwa kusoma maandishi ya kwenye chipu na kuyaandika. Maandishi hayo yamenisaidia kuliko jina la kiwanda lililo kwenye kasha.

Hiyo chipu ya miguu minane ndiyo kumbukumbu ya kudumu. Namba 64 kwenye jina lake ni megabiti, kwa hiyo gawa kwa nane upate megabaiti 8. Ndani yake pamegawanywa vyumba. Kwenye ruta nyingi zenye MT7628 chumba cha kwanza kina U-Boot, programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Cha pili kina mipangilio ya U-Boot yenyewe. Cha tatu kinaitwa factory, nitakieleza baadaye kwa sababu kiliwahi kuniliza. Nafasi yote inayobaki ni ya fimwea, yaani mfumo mzima unaouona ukifungua ukurasa wa mipangilio. Mara nyingi sasisho la kawaida huandika upya chumba hicho cha mwisho tu. Umeme ulipokatika, fimwea ikabaki nusu. U-Boot iko salama karibu kwa hakika. Inaamka, inaikagua fimwea, inaikuta mbovu, inasimama. Ndiyo maana taa moja inawaka na nyingine hazina habari.

Hapa nakuomba ushike neno moja hata ukiyasahau mengine yote: usiandike chochote kwenye chipu hiyo kabla hujasoma kilichomo na kukihifadhi mahali pengine. Vijana wengi wanaoniandikia wameanzia mwisho. Wamepata faili la fimwea mahali fulani, wameliandika juu ya kila kitu, halafu wananiuliza mbona WiFi imekuwa dhaifu.

Najua kwa sababu nilifanya vivyo hivyo. Ruta ya tatu niliyoifungua maishani ilikuwa ya jirani yangu. Niliona ni vizuri nianze na ukurasa mweupe, nikafuta chipu yote toka mwanzo hadi mwisho kisha nikaandika U-Boot na fimwea mpya. Iliwaka vizuri, nikafurahi. Jioni jirani akaja kuniambia kwamba simu inashika mtandao ikiwa imewekwa mezani ubavuni mwa ruta, ukitoka mlangoni tu unapotea. Nilipoangalia anwani ya MAC, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, niliikuta inaanza na 00:0C:43, ambayo ni alama ya kampuni ya Ralink waliotengeneza chipu, si anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Ndipo nikajua chumba cha factory kina nini. Kina anwani za MAC za kifaa hicho na vipimo vya redio vilivyochukuliwa kiwandani kwa bodi hiyo moja, maana bodi mbili za aina moja hazitoi nguvu sawasawa, na kila moja hurekebishwa kivyake. Vipimo hivyo havipakuliwi popote. Nilimnunulia jirani ruta nyingine.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na nianze na jambo dogo: adapta. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huumiza adapta mara nyingi kuliko unavyoumiza bodi. Adapta iliyochoka inaweza kuonyesha volti sahihi ukiipima peke yake, lakini ukiichomeka kwenye ruta inazama. Kwa hiyo ipime ikiwa imechomekwa na ruta imewashwa. Kama kibandiko kinasema volti 9 na mita ya umeme (multimeter) inasoma 6, umeshampata mgonjwa, na huna haja ya kuendelea na haya mengine. Tazama pia kapasita zilizo karibu na tundu la umeme, zile zenye umbo la kopo. Iliyovimba kichwani ibadilishwe. Ndani ya ruta kuna volti ndogo zisizo na hatari kwako, ila adapta yenyewe usiifungue, humo mna umeme wa ukutani.

Adapta ikiwa nzima, njoo kwenye matundu manne. Hayo waliyaacha wahandisi kwa ajili yao wenyewe. Ni mlango wa siriali: kila ruta inapowaka, U-Boot na Linux, mfumo endeshi ulio ndani ya fimwea, hutoa maandishi yanayoeleza hatua kwa hatua wanafanya nini, na maandishi hayo hutokea kwenye moja ya matundu hayo hata kama hakuna anayesoma. Tundu moja ni la ardhi, moja lina volti 3.3, moja ruta inasema, moja ruta inasikiliza. Mafundi huyaita GND, VCC, TX na RX.

Kujua lipi ni lipi unahitaji mita ya kawaida tu. Zima ruta, chomoa kila kitu. Weka mita kwenye alama ya kupiga mlio, shika ncha moja kwenye chuma cha ngao kinachofunika redio au kwenye ncha hasi ya tundu la umeme, ncha nyingine pitisha kwenye matundu moja baada ya jingine. Linalolia ni GND. Sasa washa ruta na uweke mita kwenye volti. Tundu linalosoma 3.3 bila kutikisika tangu mwanzo ni VCC. Halafu zima na uwashe tena huku ukitazama mojawapo ya mawili yaliyobaki. TX husoma karibu na 3.3, lakini katika sekunde chache za mwanzo namba inacheza, inashuka na kupanda. Ukiona hivyo jua maandishi yanapita. Mara ya kwanza nilipoiona namba ile inatetemeka nilikaa nikaitazama mara tano, nikizima na kuwasha. Lililobaki ni RX.

Cha kununua ni kifaa kidogo cha kugeuza USB kuwa siriali, chenye chipu ya CP2102, CH340 au FT232. Dar utavipata Kariakoo kwa wauzaji wa vifaa vya Arduino, zile bodi ndogo za kujifunzia elektroniki, na kwa mafundi simu, na Morogoro ukikosa agiza, vinasafirishwa kwenye bahasha. Hakikisha kinaweza kuwekwa volti 3.3, na kiweke hapo. Chipu ya ruta yako haivumilii volti 5 kwenye miguu hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie Arduino Uno kama mbadala, inatoa 5. Unganisha nyaya tatu tu: GND kwa GND, TX ya kifaa kwenda RX ya ruta, RX ya kifaa kwenda TX ya ruta. VCC iache wazi kabisa. Ruta inapata umeme wake kwenye adapta yake, na ukiileta VCC ya pili kutoka kwenye kompyuta unagonganisha vyanzo viwili.

Kuhusu kulehemu: ukiwa hujawahi kushika chuma cha moto, usijifunzie kwenye bodi hii. Mpelekee fundi simu akuchomee pini nne, ni kazi ya dakika tano. Mwambie kabisa kwamba huhitaji aguse kitu kingine. Na fundi wako aliyesema utupe simlaumu. Anaishi kwa kazi inayolipa siku hiyo hiyo, na kukaa siku mbili na ruta ya mtu hakumlipi. Wewe una muda, na ndiyo mtaji wako mkubwa katika mambo haya.

Kwenye kompyuta nitachukulia unatumia Ubuntu. Weka picocom, programu ya kusoma siriali. Jiongeze kwenye kundi la dialout, ndilo linaloruhusiwa kutumia siriali, toka kwenye akaunti yako kisha uingie tena, halafu andika:

picocom -b 57600 --logfile ruta.txt /dev/ttyUSB0

Ukiwa na Ubuntu 22.04 na kifaa cha CH340, unaweza kukuta ttyUSB0 inatokea kisha inatoweka palepale. Si kifaa kibovu. Kuna programu inaitwa brltty, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioona wanaosoma kwa nukta za Braille, nayo hukidhania kifaa chako kuwa ni mashine ya Braille na kukikamata. Kama nyumbani hakuna anayeihitaji, iondoe kwa apt. Jambo hili limewapotezea watu wengi siku nzima, mimi nikiwemo.

Namba 57600 ni kasi ya mazungumzo. Maelezo mengi utakayokutana nayo yatakuambia 115200, na kwa chipu nyingi ni kweli, lakini ukoo huu wa Ralink, ambao kampuni ya MediaTek, watengenezaji wa chipu yako, waliununua mwaka 2011, mara nyingi unaongea kwa 57600. Ukiona skrini inajaa alama za ajabu zisizosomeka, usidhani umeunguza. Alama hizo ni habari njema: nyaya ziko sawa, kasi ndiyo haijalingana. Badilisha kasi ujaribu tena. Ukiona kimya kabisa, badilishana TX na RX. Na kama ruta haitaki kuwaka nyaya zikiwa zimeunganishwa, iwashe kwanza kisha uchomeke waya unaokwenda RX, kwa sababu wakati mwingine umeme kidogo unaopita kwenye waya huo huichanganya chipu wakati inaamka.

Mambo yakikaa sawa utaona mistari ya U-Boot, kwa ukoo huu huwa toleo la 1.1.3, kisha aina ya kumbukumbu, kisha orodha yenye namba ambayo hukaa sekunde chache tu ikisubiri. Hapo ndipo penye uhai na mauti ya ruta yako, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Namba 1 inachukua mfumo kutoka kwenye kompyuta yako kwa waya wa mtandao na kuupakia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayofutika ukizima, bila kugusa fimwea iliyo kwenye chipu ya miguu minane. Namba 2 inauchukua na kuuandika kwenye chipu. Namba 3 ndiyo safari ya kawaida, kuwaka kutoka kwenye chipu. Namba 4 inakupa sehemu ya kuandika amri. Namba 7 na 9 zinaandika upya U-Boot yenyewe. Hizo mbili usiziguse hata kwa bahati mbaya. Ukiharibu U-Boot huna tena orodha wala maandishi, na njia inayobaki ni kuiandika chipu moja kwa moja kwa mashine ya pembeni.

Wewe unaitaka namba 1. OpenWrt hutoa mafaili ya aina mbili yatakayokuhusu. Lenye neno initramfs-kernel kwenye jina lake huishi ndani ya RAM peke yake. Ukizima ruta linayeyuka na fimwea ya kwenye chipu inabaki kama ulivyoikuta. Lenye neno squashfs-sysupgrade ndilo la kuandikwa kwenye chipu libaki humo. Tafuta kwanza jina na toleo la ruta yako kwenye jedwali la vifaa la OpenWrt, na toleo la vifaa lililo kwenye kibandiko lilingane kabisa, kwa sababu viwanda hubadilisha chipu ndani ya kasha lilelile bila kubadilisha jina la nje. Mafaili ya chipu yako yapo kwenye kundi la ramips, tawi la mt76x8.

Weka tftpd-hpa, programu ya kugawa mafaili kwa waya wa mtandao, kwenye kompyuta, na faili la initramfs uliweke kwenye /srv/tftp. Ipe kompyuta anwani ya kudumu, mfano 192.168.1.2. Chomeka waya kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Ukibonyeza 1 utaulizwa anwani ya ruta, weka 192.168.1.1, anwani ya kompyuta, na jina la faili. Kuna tatizo moja huwachosha wanaoanza: ruta ikizimwa na kuwashwa, kompyuta inaona waya umekatika na kuifuta ile anwani uliyoipa. Kama una swichi ndogo ya mtandao, ipitishe katikati. Kompyuta itaona waya hai muda wote.

Faili likipita utaona Linux inaamka, mistari inashuka kwa kasi, kisha inatulia. Bonyeza Enter upate jina OpenWrt limechorwa kwa herufi. Wakati huo ruta iliyoamriwa itupwe inafanya kazi, na fimwea iliyo kwenye chipu hujaibadilisha hata herufi moja.

Sasa soma. Andika cat /proc/mtd uone vyumba na majina yake. Tuseme factory ni mtd2; toa nakala kwa dd if=/dev/mtd2 of=/tmp/factory.bin, na vyumba vingine vivyo hivyo. Kutoka kwenye kompyuta vuta mafaili kwa scp -O, amri ya kunakili kupitia mtandao, hiyo herufi O kubwa ni lazima kwa matoleo mapya ya OpenSSH, vinginevyo utapewa kosa lisiloeleweka. Linganisha sha256sum, namba inayobadilika faili likitofautiana hata kidogo, pande zote mbili. Halafu tazama ndani kwa hexdump -C factory.bin. Baiti mbili za kwanza zinatakiwa ziwe 28 76. Ni namba ya chipu yako, 7628, imeandikwa nyuma mbele kama chipu hizi zinavyohifadhi namba. Kuanzia baiti ya tano hesabu sita: hiyo ni anwani ya MAC ya WiFi. Geuza ruta, soma kibandiko. Zikifanana, au zikitofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu, umeshika kitu halali. Ukikuta ff ff ff tupu, chumba kimeshafutwa na aliyetangulia, na ni vizuri ujue hilo kabla hujajilaumu.

Hifadhi mafaili hayo sehemu mbili, moja iwe nje ya kompyuta hiyo. Lipe kila faili jina lenye tarakimu za MAC ili baada ya miaka mitatu usichanganye ruta mbili.

Kuandika baada ya hapo ni jambo la mstari mmoja: peleka faili la sysupgrade kwenye /tmp ya ruta, kisha sysupgrade -n na jina la faili. Safari hii chomeka ruta kwenye betri au UPS ukiipata, kwa sababu kilichokufikisha hapa ni TANESCO kuondoka katikati ya maandishi. Ikishawaka, weka nenosiri, na kwenye mipangilio ya redio chagua nchi TZ ili ruta itumie masafa na nguvu zinazoruhusiwa hapa kwetu.

Tahadhari ya ukubwa: OpenWrt za sasa zinataka angalau megabaiti 8 za chipu na 64 za RAM. Ruta za 4 na 32 ziliachwa nyuma kuanzia toleo la 21.02. Ruta yako ikiwa na RAM ya 64 imesimama mlangoni kabisa. Itafanya kazi ya ruta vizuri, lakini usiijaze programu za ziada.

Na ikitokea hata maandishi ya U-Boot hayaji, usikate tamaa. Kuna mashine ndogo inaitwa CH341A yenye koleo la kubana chipu ya miguu minane, na programu huria ya flashrom huisoma. Ila ile ya rangi nyeusi iliyozagaa sokoni hupeleka volti 5 kwenye miguu ya data ingawa chipu ni ya 3.3, tafuta iliyorekebishwa au yenye swichi ya volti. Soma mara mbili, linganisha. Zikitofautiana, koleo halijashika.

Kuhusu wasiwasi wa mama. Mpe shikamoo yangu, na mwambie ana haki ya kuuliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ya mwenyewe. Ruta aliyokupa mjomba ni yako, na ndani yake unaingia kwa ruhusa yako. Ya jirani bila idhini, au iliyokodishwa na kampuni ya intaneti ambayo bado ni mali yao, hiyo acha. Neno kudukua limebeba harufu ya kuchungulia ya watu, na ndiyo sababu mimi kazi hii naiita ufundi.

Tena wewe kuwa na kitu cha kuweka humo kumetokana na haki iliyodaiwa. Mwishoni mwa 2002 ilitoka ruta ya Linksys WRT54G. Mwaka 2003 watu waliokuwa wakiichokonoa waligundua kwamba ndani yake kuna Linux. Linux iko chini ya leseni ya GPL, na leseni hiyo inasema ukimpa mtu programu, umpe pia msimbo wake akiuhitaji. Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, walikuwa ndiyo kwanza wameinunua Linksys. Wakadaiwa msimbo, wakautoa mwaka huo huo. Mwaka 2004 ndani ya msimbo huo ikazaliwa OpenWrt, na jina la WRT limebaki mpaka leo. Mwaka huo huo mahakama ya Munich nchini Ujerumani ilimpa haki Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu ya mtandao ya Linux, dhidi ya kampuni iliyouza ruta bila kutoa msimbo. Mwaka 2005 Linksys waliiondoa Linux kwenye toleo la 5 la ruta ile na kupunguza kumbukumbu, kisha wakatoa nyingine, WRT54GL, kwa ajili ya wale waliotaka Linux ibaki. Na mwaka 2024 mradi wenyewe ukatoa ruta yake, OpenWrt One, pamoja na Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria. Unajua wameweka nini kwenye kasha? Tundu la USB-C la siriali. Yale matundu manne unayoyatafuta kwa mita, wao wamempa kila mnunuzi bila kufungua skrubu.

Umeuliza utachangia nini. Tuchukulie ruta yako haimo kwenye jedwali, jambo linalotokea sana kwa ruta za bei nafuu zinazoletwa huku. Faili la ruta.txt uliloandika kwa picocom, picha kali ya bodi pande zote mbili, na mchoro wa matundu manne ukionyesha lipi ni lipi: hivyo vitatu tayari ni mchango, na mtu aliye nchi nyingine hawezi kuvitoa kwa sababu hana bodi hiyo mkononi. Hatua inayofuata ni faili la maelezo ya vifaa, linaloiambia Linux vyumba viko wapi na taa ziko kwenye miguu ipi. Chukua la ruta inayofanana na yako ndani ya mt76x8 ulifanyie kazi. Taa utazitafuta moja moja: unawasha mguu, unatazama ipi imewaka, unaandika. Kwa chipu hii taa ya WiFi mara nyingi iko mguu wa 44. Kwenye faili utaiona imeandikwa gpio1 na 12, kwa sababu miguu huhesabiwa kwa mafungu ya 32, na 44 ukitoa 32 zinabaki 12. Nakumbuka nilivyokesha na hesabu hiyo kabla sijaielewa. Wewe umeipata bure.

Ukishalimaliza, litume kwa Git, programu ya kutunza na kutuma mabadiliko ya msimbo, likiwa na mstari wa Signed-off-by, unaothibitisha kwamba kazi ni yako na una haki ya kuitoa. Watakurudishia. Watasema nafasi za mwanzo wa mstari ziwe za kitufe cha Tab, jina lifuate mpangilio, maelezo yaongezwe. Usikasirike wala usidhani umedharauliwa. Wanamrudishia kila mtu, na mimi la kwanza lilirudi mara nne. Kama msimbo bado unakutisha, ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt, unaoitwa LuCI, hutafsiriwa kwenye Weblate, tovuti ya kutafsiria programu, na huko kinachotakiwa ni Kiswahili kizuri na kujua ruta inafanya nini. Cheti haulizwi mtu.

Kwa sasa fanya mawili tu. Pima adapta ikiwa imebeba ruta. Kisha tafuta GND, VCC, TX na RX, uyachore kwenye karatasi. Ukipata maandishi ya kwanza, niandikie mstari wenye maneno Total memory na ule wenye ukubwa wa chipu, nikuambie faili lipi linakufaa. Na namba 9 isiguswe.